Ufunguo wa Chumba cha Boila

Radlin, 5 Novemba 2014

Achim, mjukuu wangu, Mungu akupe heri.

Usipige simu. Simu imekufa. Nimeitikisa, nimeipiga kofi, imenyamaza kimya. Mafundi watakuja watakapopenda. Kwa hiyo niandikie, na uandike herufi kubwa, maana miwani yangu niliikalia kanisani.

Dari ya jikoni imelowa. Maji yalishuka kutoka bafu la juu, la mpangaji wangu Solomiya, na sasa juu ya meza kuna doa la kahawia lenye umbo la bata bukini. Kila nikila supu linanitazama. Niambie rangi gani inaziba doa la namna hiyo. Wewe ni fundi wa maboila na mabomba huko Ujerumani, watu wanakulipa kwa kujua.

Solomiya hajambo, ana mafua kidogo tu. Analala kwingine siku chache.

Boila la babu yako nalo halijambo. Nimeliacha lizimike, lipumzike. Si baridi sana. Nimevaa sweta mbili na koti la babu yako la mgodini, nimefanana na gunia la viazi lililojifunga kitambaa kichwani, lakini hakuna anayekuja kunichumbia, basi yamekwisha.

Kuna kitu nataka kuuliza, bila sababu. Lile tundu la hewa la chumba cha boila, lenye wavu, pale chini ya kidirisha, lina kazi gani hasa? Nauliza tu.

Kula vizuri. Usile mkate mkavu umesimama kama farasi.

Bibi yako,
Elfryda


Hamm, 11 Novemba 2014

Bibi, Mungu akupe heri nawe.

Kuhusu doa: acha dari ikauke wiki mbili, paka rangi ya mafuta nyeupe, halafu ya kawaida juu yake. Usipande mezani mwenyewe. Nakujua.

Tundu la hewa ni pua ya boila. Moto unakula hewa. Ukiikosa unawaka nusunusu, unatoa ile sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwa nini unauliza?

Mimi pia nauliza tu. Lile bomba la nyuma, linalopeleka moshi kwenye dohani: pale linapopinda, kwenye kiwiko, kuna masizi upande wa nje? Kama yapo usiyaguse, na usiwashe moto mpaka nije. Nasema kweli Bibi, usiwashe. Boila lile lina miaka thelathini na minane. Huku nikikuta la miaka ishirini naliandikia hati ya kuondolewa kabla sijavua kofia. Nimekuonea moja la gesi, dogo, linaning'inia ukutani kama kabati la dawa. Ninaweza kulileta Krismasi.

Halafu nimekaa nikafikiri. Wewe, unayewasha moto tangu Septemba na kuuzima Mei, umelizima mwenyewe mwanzoni mwa Novemba? Na mtu mwenye mafua anakwenda kulala kwingine? Bibi, kuna nini?

Achim


Radlin, 16 Novemba 2014

Achim,

Umeniudhi. Hati ya kuondolewa kabla hujavua kofia! Boila lile babu yako Teofil alilichomelea kwa mikono yake, wakati mama yako bado anasukwa nywele na mimi. Na chuma unajua kilikotoka. Kilitoka mgodini chini ya koti, bamba baada ya bamba, babu yako akatembea mwezi mzima wima kama aliyemeza ufagio. Walinzi wa getini wanamwuliza, "Teofil, mgongo?" Naye anajibu, "Mgongo." Mtaa huu mzima una maboila ya namna hiyo, na mtaa huu mzima hauna mwizi hata mmoja. Ndiyo maana ufunguo wa chumba cha boila unaning'inia kwenye aproni yangu miaka yote hiyo, na mpaka mwanzo wa mwezi huu hakuna mtu mwenye kofia ya kazi aliyewahi kushuka zile ngazi.

Nimeandika yote hayo ili nisiandike hili.

Solomiya hakuwa na mafua. Jumamosi ya Watakatifu Wote asubuhi nilijaza boila makaa ya mawe, nikalibana mdomo ili moto ulale taratibu, nikaenda makaburini kumwashia babu yako mishumaa. Ukungu ulikuwa mzito, moshi wa mtaa mzima umelala barabarani kama ng'ombe. Solomiya alikuwa ametoka zamu kiwandani kwao, kule anakoshona mashati. Akaniambia, "Bibi, naoga, nalala." Niliporudi saa tisa, jikoni kulikuwa kunanyesha. Nikapanda juu na matusi yangu mdomoni. Nikagonga. "Wewe binti, unaoga au unavua samaki?" Maji yanamwagika tu. Nikauvunja mlango kwa sepetu ya makaa.

Alikuwa sakafuni. Mashavu mekundu, mazuri, kama mtoto aliyetoka kucheza kwenye theluji. Nikamwita, hakuamka.

Nilifungua madirisha, nikamburuta mpaka kwenye baridi, nikapiga simu. Wazima moto walikuja na kimashine kinacholia, kikalia nyumba nzima. Wakaandika: boila la zamani, ukungu, dohani haikuvuta, dirisha la bafu limefungwa. Wakaweka utepe mlangoni pa boila. Hospitali alilala siku nane. Mama yake alikuja na basi kutoka kwao Ukraine, akamchukua. Yuko hai. Naandika tena: yuko hai.

Simu haijafa. Niling'oa waya mwenyewe. Kwenye simu ungesikia pumzi zangu ukajua. Barua haina pumzi.

Sasa umejua. Waya bado sijaurudisha.

Bibi yako,
Elfryda


Terebovlia, 19 Novemba 2014

Bibi Elfryda mpendwa,

Samahani kwa mwandiko huu. Mikono yangu bado inatetemeka. Daktari anasema ni damu, ilikunywa sumu badala ya hewa. Sindano inanikimbia, na jana nilishika kijiko nikasahau kinaitwaje. Mama alicheka, halafu akatoka nje.

Nakuandikia kukuomba radhi kwa barua, maana hospitali sijui kama nilisema vizuri. Uliniambia mara ngapi niache dirisha wazi kidogo ninapooga? Nami nilikuwa nimechoka, nasikia baridi, nikalifunga. Wazima moto walinieleza. Nimekuletea magari yenye ving'ora mlangoni siku ya kuwakumbuka marehemu, jirani zako wote wakitazama. Nimekuharibia dari. Nimekuharibia mlango. Mama ananiambia kila siku, "Bibi wa watu alikupa chumba kama mjukuu, nawe ukamlipa hivyo."

Nikipona nitakuja kuipaka dari yako rangi kwa mikono yangu. Na lile boila la marehemu mume wako, natumaini hawajakuzuia kuliwasha kwa sababu yangu. Ninajua unavyolipenda.

Nisamehe.

Solomiya


Hamm, 22 Novemba 2014

Bibi, keti kabla hujasoma.

Unakumbuka Pasaka. Ulikwenda kanisani na kikapu cha mayai kibarikiwe, ukaniachia ufunguo nisafishe bomba. Kwenye kiwiko niliona ufa. Urefu wa kidole changu. Niliingiza wembe, ukapita.

Bibi, mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Nyumba za watu nisiowajua nikiona ufa nusu ya ule nafunga kila kitu, nawaacha na baridi yao, wananilaani, naondoka. Ningeweza kufanya hivyo kwako. Lakini kuweka jipya ni lazima mfagia dohani ashuke aone, atie saini, naye angeliona chuma cha babu. Nikawaza nini? Nikawaza watu watasemaje kuhusu babu. Nikapaka udongo wa kuzibia majiko, nikazungushia karatasi ya alumini ili usione, na mimi nisione.

Ukarudi na kikapu chako ukaniuliza, "Boila la babu yako linasemaje?" Nikasema, "Litatuzika sote, Bibi." Ukacheka. Nilitaka ucheke.

Nadhani wazima moto hawakuuona ufa kwa sababu ya karatasi yangu ya alumini.

Solomiya Pasaka ile ile alinishonea zipu ya koti. Nimelivaa sasa hivi. Ninapolifunga asubuhi linapanda vizuri mpaka shingoni, na kila siku tangu barua yako nashindwa kulifunga.

Ni mimi, Bibi. Usimtafute mwingine.

Achim


Radlin, 29 Novemba 2014

Achim, mjinga wangu mpenzi,

Nilisoma nimesimama, maana nikiambiwa niketi nasimama. Na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Mungu ananiona. Kwa muda wa kuchemsha yai nilifurahi kwamba kosa ni lako. Kisha aibu ikanipanda mpaka nikaifunika sanamu ya Barbara mtakatifu, msimamizi wa wachimba migodi, kwa kitambaa cha vyombo, asinitazame.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe uliuziba, tena ukaufunga na karatasi inayong'aa, na ndicho kilichotuponza. Lakini usijipe ukubwa. Ufa wako ulikuwa na mwenzake.

Oktoba niliziba tundu la hewa. Ule upepo ulikuwa unapanda ngazi kunikata vifundo vya miguu. Nilichukua mfarishi wa arusi yangu, wa manyoya ya bata bukini tuliyochambua wanawake kumi na mmoja majira mazima ya baridi, ule ambao babu yako alifariki akiwa amefunikwa nao. Nikaukunja, nikausindilia kwenye tundu mpaka baridi ikakoma. Nikajisifu. Nikasema, Teofil, hata sasa unanipa joto.

Hilo bado si baya lenyewe. Sikia baya lenyewe.

Nilikuwa nimeshapiga simu, gari la wagonjwa liko njiani. Solomiya yuko sakafuni chini ya dirisha, mkono wake uko mkononi mwangu. Nikauachia. Nilishuka mpaka chini, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikaung'oa mfarishi, nikausukuma nyuma ya pipa la kabichi, nikafunga, nikapanda tena. Dakika nne. Labda tano. Mtoto wa watu angekata roho peke yake huku mimi naficha tandiko. Wazima moto wakashuka, wakakuta tundu wazi. "Vizuri, Bibi, tundu lako liko wazi. Basi ni lile dirisha la bafu." Nami nikatikisa kichwa kama mjane mwema.

Wakamweleza na Solomiya hivyo hivyo. Nilipokwenda hospitali akafungua macho, la kwanza kusema ni, "Nisamehe Bibi, nilifunga dirisha." Na mimi, uliyeniona nikimfukuza padri jikoni alipochovya kidole kwenye mchuzi, nilisema nini? Nilisema, "Lala, mwanangu."

Ameniandikia. Barua yake naiweka humu. Usisome maneno tu, tazama herufi zinavyoyumba. Mshonaji huyo, Achim.

Jana alikuja Bwana Norbert, mfagia dohani. Unajua watu wakimwona hushika kifungo apate kuwaletea bahati. Mimi nilishika aproni. "Umeleta kalenda?" nikamwuliza, maana kila mwaka huja na kalenda. "Sina kalenda, Bi Elfryda." Akakaa. Nikamkatia keki kwa mazoea. Hakuigusa.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "nakula keki yako, natia saini kwamba nimeliona boila. Sijui hata mlango wa chumba chake unafungukia upande gani."

"Kushoto," nikamwambia. "Na hukuuona kwa sababu sikukuonyesha. Kila ulipoulizia ngazi nilikuongezea kipande."

"Nami nikala."

"Nawe ukala."

Tukakaa pale kama wezi wawili waliokamatwa na kuku mmoja. Kisha akasema atakwenda mwenyewe kuwaambia wakubwa zake kabla hawajamwuliza. Nikamwambia aende, ana heri kuliko mimi, yeye wakubwa zake wako karibu, mimi ninayepaswa kumwambia yuko Ukraine.

Njoo siku ya Barbara mtakatifu. Usiniletee huruma, niletee mashine ya kukatia chuma. Lile kabati lako la dawa lilete pia. Na Solomiya nitamwandikia mimi kwanza, ndipo wewe. Mkubwa hutangulia, hata kwenye aibu.

Bibi yako,
Elfryda


Radlin, 6 Desemba 2014

Solomiya, mwanangu,

Hukufanya kosa. Naliweka hili juu kabisa, ili ukitaka kuichana barua uwe umeshalisoma.

Dirisha la bafu hufungwa Novemba na kila mwenye akili. Sumu haikutoka kwenye uvivu wako, ilitoka chini, kwenye chumba ambacho sijawahi kukufungulia. Mimi nililiziba tundu la hewa kwa mfarishi wangu wa arusi. Mimi. Na ulipokuwa umelala pale sakafuni nikakuachia mkono, nikashuka kuuondoa mfarishi watu wasiuone, kisha nikapanda tena nikakushika kana kwamba sikuondoka. Hospitali uliponiomba msamaha nilikwambia ulale. Ungeniuliza jina langu siku ile ningelikana.

Sina sababu ya kukupa. Ninayo moja, lakini ni ya kijinga. Boila lilikuwa la chuma cha wizi. Miaka thelathini na minane iliyopita mume wangu alikitoa mgodini chini ya koti, nami tangu siku ile sikutaka mtu alione. Mgodi wenyewe unakaribia kufungwa, waliochungulia makoti wamekufa, na mimi bado nalinda. Nilikuwa nikilinda jina la marehemu, nikakaribia kuzika mtu aliye hai.

Mjukuu wangu Achim ana lake. Atakuandikia mwenyewe, nimemwambia asinyofoe hata kipande.

Juzi, siku ya Barbara mtakatifu, alilikatakata. Nikamwambia asivibebe vipande kwa mlango wa nyuma. Avitoe mbele, avilaze kwenye theluji. Akavilaza. Ndipo wapiga tarumbeta wa mgodi wakapita na manyoya yao kofiani, na wazee wote wa mgodi nyuma yao, na bamba za mgodi ziko pale zimelala na namba zake za chaki ya mafuta bado zinasomeka. Nilisimama kando yake kama muuza samaki. Mzee Hubert, jirani wa nyumba ya tatu, akasimama.

"Elfryda. Hii si bamba ya ghala namba mbili?"

"Ndiyo. Teofil aliiba."

Akatazama huku na huku. "Usiseme kwa sauti."

"Na lako, Hubert?"

Akapangusa masharubu. "Langu... langu liko chini."

"Na tundu lake la hewa?"

Akaharakisha kuwafuata wenzake. Lakini jioni nilimwona mkewe Lidka anatoa magunia kwenye ukuta wao, moja, mawili, matatu.

Mfarishi nimeuanika kwenye ua. Una alama ya wavu, miraba midogo myeusi, hautatakata tena. Wanaopita wanauliza, nawaambia. Mara ya kwanza nilidhani nitakufa kwa aibu. Mara ya saba unakuwa tu mwanamke mwenye mfarishi mchafu.

Dari usiiguse. Nimemkataza Achim asilipake rangi lile doa.

Usinisamehe haraka ili nijisikie vizuri. Wewe una moyo mwepesi wa kusamehe, ni ugonjwa wako, nimekuona ukimsamehe hata mwenye basi aliyekuacha kituoni. Hili lishike mkononi kwanza, ulipime uzito.

Elfryda


Terebovlia, 15 Desemba 2014

Bibi Elfryda,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa furaha, kwamba si mimi. Mara ya pili nilimsomea mama. Akainuka akaenda kukama ng'ombe, na saa ya kukama ilikuwa bado. Mara ya tatu nilikasirika, na hasira haijaisha.

Si kwa sababu ya mfarishi. Mama yangu huziba madirisha yetu kwa magazeti na matambara kila Oktoba; tungeweza kuwa sisi. Si kwa ufa wa Achim pia. Ameniandikia kurasa nne, mwambie alifunge koti lake, atapata mafua ya kweli.

Ni kwa hizi wiki. Nimeamka kila asubuhi nikiwa mtu aliyekaribia kujiua kwa uvivu wa kufungua dirisha. Mama alinisema mbele ya shangazi zangu, nikainama, nikasema ndiyo mama. Wewe ulikuwa unajua. Uliniona ninaomba msamaha, ukaniambia nilale.

Na mkono niliuhisi. Nilidhani nimeota. Sikuweza kufungua macho wala kusema, lakini niliuhisi mkono ukiondoka.

Daktari anasema mikono yangu itatulia kufikia masika. Kazini wameniwekea nafasi mpaka Februari. Nikirudi Radlin sijui kama nitakuja kwako. Chumba changu nakipenda, na supu yako pia, na sipendi kwamba bado nakipenda. Lakini nikija, sitalala tena juu ya mlango ambao siwezi kuufungua.

Ni hilo tu.

Solomiya


Radlin, 22 Desemba 2014

Solomiya,

Kuhusu mkono umesema kweli. Sina la kuongeza.

Waya wa simu nimeurudisha. Ukitaka kunitukana kwa sauti, piga.

Boila jipya linafanya kazi. Ni dogo, lina adabu, halinukii kitu. Bwana Norbert alishuka ngazi na taa yake, akakaa huko chini saa nzima, akachungulia mpaka ndani ya pipa la kabichi. Keki alikula baadaye, si kabla. Kisha nikafunga mlango.

Ndani ya bahasha hii, kwenye kipande cha kitambaa nilichokikata kwenye mfarishi, pale palipobaki peupe, kuna ufunguo. Usitafute mwenzake, hakuna. Achim alitaka kuchonga wa pili, nikamkatalia. Boila likizima kabla hujaja, au usipokuja kabisa, nitavaa koti la Teofil. Aproni yangu imekuwa nyepesi mno. Mkono bado unakwenda pale ufunguo ulipokuwa, unashika hewa.

Mlango unafungukia kushoto.

Elfryda